Kutafuta Jina kwa Sauti: Jinsi ya Kutunga Kanuni za Kulinganisha Majina ya Uganda Kwenye Programu

Pitisha Musoke, Mukasa, Mukisa na Mugisha kwenye Soundex, mbinu ya zamani ya kugeuza jina kuwa msimbo kulingana na sauti yake, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, na yote manne yatatoka na msimbo mmoja: M220. Kisha pitisha Rukundo na Lukundo, jina moja lililoandikwa na makarani wawili. Utapata R253 na L253, na programu haitawakutanisha hata siku moja. Soundex yenyewe haina hatia. Ilitungwa kwa majina ya Kiingereza, ndiyo maana hutupa irabu, hushika herufi ya kwanza kama ilivyoandikwa, na huweka k, g, s, j na z kapu moja. Kwa majina yetu, yote matatu yanaumiza.

Mwongozo huu ni wa yule anayetengeneza programu ya kituo cha afya, ya chama cha akiba na mikopo, au ya shule, ambamo mtu huandika jina kwenye kisanduku na kutarajia kumpata mgonjwa au mwanachama aliyeandikishwa mwaka juzi na karani mwingine. Unahitaji lugha yoyote ya programu inayoweza kubadilisha maandishi kwa ruwaza, hifadhidata, na muda wa kukaa na wazungumzaji wa lugha husika. Hilo la mwisho ndilo watu hulikwepa, na ndilo linaloharibu kazi.

Kwanza: jiulize ni sikio la nani

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Jina hili ni la lugha gani?" Swali hilo ni nusu tu. Jina hukosewa pale linapotamkwa na mtu wa lugha moja na kuandikwa na mtu wa lugha nyingine. Kwa hiyo kila kanuni ihusu jozi: lugha ya mwenye jina na lugha ya anayeandika.

Chukua l na r. Katika tahajia ya Kiganda, r huandikwa baada ya e na i, na l huandikwa kwingine kote. Ndiyo maana moto ni *omuliro*, l ikifuata u na r ikifuata i. Sasa mweke karani Mganda mbele ya Mnyankore anayeitwa Karungi. Sauti inafuata a, basi ataandika Kalungi. Mlete mtu wa kabila la Lango anayeitwa Akello. Sauti inafuata e, basi huenda akaandika Akero. Karani yuleyule amebadili r kuwa l mara moja, na l kuwa r mara nyingine, na mara zote mbili amefuata desturi ya lugha yake bila kukosea. Ukitazama alfabeti peke yake utadhani ni uzembe.

Mengine ya kawaida kwa sikio la Kiganda:

- h hudondoka: Hassan huwa Asani, Hussein huwa Useni.
- sh huwa s: Mugisha huwa Mugisa (ambayo pia ndiyo tahajia ya Kitoro na Kinyoro, kwa hiyo usiihesabu kuwa kosa).
- Neno linaloishia konsonanti huongezewa irabu: Okot huwa Okoti, Opolot huwa Opoloti.
- ky na ch huandikwa moja badala ya nyingine: Kyeyune, Cheyune. Vivyo hivyo gy na j: Gyagenda, Jjagenda.

Kaskazini mambo ni mengine. Katika Kiacholi, Kilango na Kilugbara herufi c peke yake husomwa ch, kwa hiyo Ocen na Ochen ni mtu mmoja, na Candiru ni Chandiru. Tororo utakutana na th na dh za Wapadhola (Okoth, Adhola). Busoga dh iko pia lakini hapo jirani yake ni z, ndipo Dhikusooka huonekana kama Zikusooka. Mbale, kwa Wagisu, kuna kh. Andika orodha ya jozi zinazokutana mahali programu itakapotumika. Kituo kilichoko Lira hakihitaji kanuni zilezile na kilichoko Mbarara, na kanuni usiyoihitaji huleta majina yasiyohusiana.

Pili: kusanya jozi kabla ya kuandika kanuni hata moja

Toa majina kwenye daftari au hifadhidata iliyopo. Tafuta jozi 150 unazojua kwa hakika ni za mtu mmoja (namba ya simu moja, mwaka wa kuzaliwa mmoja, kijiji kimoja, tahajia tofauti). Kisha tafuta jozi 150 zinazofanana machoni lakini ni watu tofauti. Fungu hili la pili ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo watu huliacha. Ndani yake weka mitego hii:

- Kato na Nakato. Na- ya Kiganda ni alama ya mwanamke. Anayekata "viambishi" ili kurahisisha kazi amemgeuza pacha wa kike kuwa wa kiume.
- Okello na Akello, Opio na Apio, Ocen na Acen. Irabu ya kwanza ndiyo inayotofautisha mvulana na msichana.
- Mukasa na Mukisa.
- Atuhaire na Atuhairwe. Kwesiga na Kwesigwa.
- Kiyemba na Kyemba.

Hayo ndiyo majaribio yako. Kila ukibadili kanuni moja, yaendeshe yote 300.

Tatu: safisha maandishi

Geuza herufi zote kuwa ndogo, weka maandishi kwenye umbo la Unicode liitwalo NFC, na ondoa nafasi zilizozidi. Ondoa vyeo: Hajji, Hajjat, Dkt., Mch. na vingine vya hapo mlipo.

Kuhusu alama ya ritifaa katika ng', watu hupoteza siku nzima wakijaribu kuzilinganisha. Kuna U+0027 ya kibodi, U+2019 ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, U+2018, U+02BC, na hata U+0060 ya mtu aliyekosea kitufe. Zifute zote. Chelang'at, Chelan'gat na Chelangat yatakuwa neno moja, na hasara yake ni ndogo mno. Herufi ŋ (U+014B) ya Kiganda igeuze kuwa ng.

Kisha gawa jina vipande kwenye nafasi na vistari, na usijali mpangilio. Uganda mtu huyohuyo ni Okello Patrick shuleni na Patrick Okello kazini. Kila kipande kipewe ufunguo wake, yaani umbo la jina litakalotoka kwenye kanuni za hatua ya nne na ya tano, na ulinganishe fungu la vipande kwa fungu.

Nne: kamusi ya majina ya dini, kabla ya kanuni

Peter na Petero, Joseph na Yosefu, Khadija na Hadija na Adija, Muhammad na ndugu zake wote: haya usiyashughulikie kwa kanuni za sauti. Ukijaribu, utaharibu majina ya kienyeji. Kh ya Khadija inatakiwa kudondoka, lakini kh ya Bugisu inatakiwa kuwa k. C ya Carol ni k, ya Cissy ni s, ya Candiru ni ch. Hakuna kanuni ya herufi itakayotenganisha hayo matatu bila kujua jina lenyewe.

Tengeneza faili ya maandishi yenye safu mbili: tahajia, na umbo moja mliloafikiana. Mistari 100 hivi ya majina yanayojirudia sana kwenye kumbukumbu zenu itatosha kuanzia. Kipande kikipatikana humo, chukua umbo lile na uruke kanuni. Kisipopatikana, kiende hatua inayofuata.

Tano: kanuni zenyewe, na mpangilio wake

Kanuni ziwe kwenye faili, nje ya msimbo wa programu, kila moja na mstari wake: kinachotafutwa, kinachowekwa, na mahali (mwanzo, mwisho, popote). Kila kanuni hupita neno zima, kisha matokeo huingia kwenye kanuni inayofuata. Kwa kuwa sasa neno lote ni la herufi ndogo, herufi kubwa ziko huru. Zitumie kama alama za sauti: C kwa ch, N kwa ng, Y kwa ny. Bila hila hiyo, c uliyoizalisha wewe mwenyewe itanaswa na kanuni nyingine ya c hatua tatu mbele.

1. Herufi mbili zinazofanana zikifuatana ziwe moja (ss, gg, jj, ii, aa).
2. Mwishoni mwa neno, iy + irabu iwe y + irabu.
3. i + irabu iwe y + irabu. U + irabu iwe w + irabu.
4. chr iwe kr.
5. ky na ch ziwe C. Kisha c iliyobaki iwe C.
6. gy iwe j.
7. ny iwe Y. Ng iwe N.
8. sh iwe s, th iwe t, kh iwe k, ph iwe f. Dh kulingana na eneo.
9. h iliyobaki ifutwe.
10. l iwe r.
11. i au u ya mwisho, ikiwa inafuata konsonanti na neno lina herufi zaidi ya nne, ifutwe.

Mpangilio huu una sababu zake.

Kanuni ya 1 lazima itangulie ya 3. Ukizigeuza, Asiimwe huwa asyimwe kwa sababu i ya kwanza inaonekana kufuatwa na irabu ya pili, na Asimwe hatapatikana tena. Kweli, katika Kiganda konsonanti kuwa mbili hubadili maana: *okuta* ni kuachilia, *okutta* ni kuua. Lakini kwenye majina watu huandika wapendavyo, Ssali leo na Sali kesho, na hata pale ambapo kanuni inaunganisha majina mawili halisi, kama Kizza wa Kiganda na Kiiza wa Kinyoro, yote mawili ni ya mtoto anayefuata mapacha. Hapo hujapoteza kitu.

Kanuni ya 3 itangulie ya 5, ili aliyeandika Kiagwe akutane na Kyaggwe. Na ya 5 na 6 zitangulie kanuni yoyote utakayotaka kuongeza ya kufuta y. Mtu aliyefuta y mapema amemfanya Kyeyune kuwa keune, na Cheyune hatamfikia kamwe.

Gy ije kabla ya ng, la sivyo herufi tatu ngy zitavunjwa mahali pasipofaa: N itameza g na kuacha y peke yake.

Kanuni ya 2 ndiyo yenye hila kubwa kuliko zote. Unataka Opiyo na Opio wakutane, kwa hiyo kishawishi ni kuandika "iy iwe y popote". Ukifanya hivyo, Kiyemba anakuwa kyemba, kisha Cemba, na amegongana na Kyemba, jina la watu wengine kabisa. Ukiifunga kanuni mwishoni mwa neno tu, Opiyo na Opio yote huwa opyo, Mariya na Maria yote huwa marya, na Kiyemba anabaki kiyemba. Kila unapoandika kanuni, uliza kwanza kama inaweza kufungwa mwanzoni au mwishoni. Kanuni za "popote" ndizo huleta fujo.

Kwa dh, chagua kulingana na eneo: d Tororo, z Busoga. Programu ikitumika pote pawili, toa funguo mbili kwa kila neno lenye dh na uzihifadhi zote. Double Metaphone, mbinu nyingine ya misimbo ya sauti iliyotoka mwaka 2000, hutoa funguo mbili kwa sababu ya aina hiihii: tahajia moja, matamshi mawili yanayowezekana. Fanya vivyo hivyo kwa c ambayo haikupatikana kwenye kamusi: ufunguo mmoja wenye C, wa pili wenye k. Zaidi ya funguo mbili kwa neno usizidishe. Ukifika nne, orodha itajaa majina ambayo karani atayapuuza, na akizoea kupuuza atapuuza na lile sahihi.

Fuata neno moja mpaka mwisho. Hassan (tuseme halimo kwenye kamusi yenu): kanuni ya 1 inatoa hasan, ya 9 inatoa asan, basi. Asani: hakuna kinachoguswa mpaka ya 11, inayofuta i na kutoa asan. Wamekutana. Akello: akelo, kisha akero. Akero: akero. Okello: okero, mbali na akero kwa irabu ya kwanza, kama inavyotakiwa. Andika kifaa kidogo cha kuonyesha neno likipita kila kanuni namna hii. Bila hicho utakuwa unakisia.

Sita: irabu zibaki, mpangilio wa kutafuta uwe wa ngazi

Umeona kwamba ufunguo wetu hautupi irabu. Silabi za Kibantu karibu zote huishia na irabu, na ukizitupa Mukasa na Mukisa, Mugisha na Mugasha, Nakato na Nakitto huwa hawana tofauti. Lakini irabu pia husikiwa vibaya, hasa e kwa i na o kwa u. Suluhisho ni hesabu ya umbali juu ya ufunguo, yaani idadi ya herufi za kubadili ili kutoka neno moja hadi jingine, kila badiliko likiwa na bei yake:

- e↔i, o↔u: nusu
- b↔p, d↔t, g↔k, z↔s: nusu
- kuongeza au kuondoa w au y: nusu
- a↔o mwanzoni mwa neno: 2
- mengine yote: 1

Ufunguo wa herufi nne au pungufu, usikubali tofauti yoyote. Herufi tano hadi saba, kubali mpaka 1. Nane na zaidi, mpaka 1.5. Kwa vipimo hivyo Waiswa na Wasswa, jina moja la pacha kwa Kisoga na kwa Kiganda, wanakutana kwa tofauti ya 1. Kato na Nakato wako mbali kwa 2. Mukasa na Mukisa bado watakutana kwa 1, na hilo ni sawa mradi waonekane chini ya wale waliolingana kabisa.

Kutafuta kwenyewe: kwanza ufunguo sawasawa. Ukipata matokeo chini ya matatu, ongeza waliokaribia kwa umbali. Usihesabu umbali na hifadhidata nzima. Chuja kwanza kwa mifupa ya konsonanti (ufunguo ulioondolewa irabu zote isipokuwa ya mwanzoni), uliohifadhiwa kwenye safu yake na kutiwa faharasa. Waiswa na Waswa wote mifupa yao ni wsw. Waliotofautiana konsonanti au w moja hawatapita mchujo huu, kwa hiyo wakati neno ni refu na hakuna aliyepatikana, chuja kwa herufi mbili za kwanza za mifupa badala ya yote.

Jina peke yake halitoshi kusema huyu ndiye. Matokeo yaje na mwaka wa kuzaliwa, kijiji na jina la mzazi, na mtu achague. Kama mna NIN, zile herufi na tarakimu 14 za kitambulisho cha taifa, itafutwe kwanza na jina litumike kuhakiki tu. Programu inayounganisha rekodi mbili yenyewe kwa sababu majina yanafanana itampa mgonjwa mmoja dawa za mwingine, na kuzitenganisha rekodi zilizochanganywa ni kazi ngumu kuliko kuziacha mbili.

Saba: kupima

Endesha zile jozi 300. Andika namba mbili: katika 150 za mtu mmoja, ngapi zimekutana, katika 150 za watu tofauti, ngapi zimekutana kimakosa. Usizichanganye kuwa alama moja. Kwenye kutafuta, namba ya kwanza ina uzito zaidi, maana aliyekosekana ataandikishwa upya. Kwenye kuonya "huyu huenda ameshaandikishwa", ya pili ina uzito, kwa sababu maonyo ya uongo yakizidi watu hubofya bila kusoma.

Kisha hesabu ufunguo mmoja una majina mangapi tofauti ndani ya hifadhidata yenu. Panga kuanzia wenye mengi. Soma funguo ishirini za juu kwa macho pamoja na mzungumzaji wa lugha. Akicheka, kuna kanuni iliyozidi. Zima kanuni moja moja mpaka ujue ni ipi.

Nane: mambo ya hifadhidata

Kwenye PostgreSQL, kiendelezi cha fuzzystrmatch kina soundex, metaphone na dmetaphone, lakini hizo hazifanyi kazi vizuri na UTF-8, kwa hiyo ŋ ikiponyoka kwenye usafishaji itakuletea matokeo ya ajabu. Kitendakazi cha levenshtein humo, kinachohesabu umbali, kinakubali bei za kuongeza, kufuta na kubadili, lakini bei moja kwa herufi zote. Bei za e↔i na wenzake itabidi uziandike mwenyewe.

Safu inayojihesabu, iliyopo tangu toleo la 12, inafaa kuhifadhi ufunguo, ila ina mtego: ukibadilisha kitendakazi, thamani zilizokwisha kuhifadhiwa hazihesabiwi upya. Rekodi za zamani zitabaki na funguo za kanuni za zamani, mpya zitakuwa na za kanuni mpya, na hakuna kosa litakaloonekana popote; watu tu wataanza kutopatikana. Faharasa iliyojengwa juu ya kitendakazi ina ugonjwa huohuo. Weka safu ya kawaida, na pembeni yake safu ya namba ya toleo la kanuni. Kila faili ya kanuni inapobadilika, pandisha namba, kisha endesha kazi ya kuhesabu upya rekodi zote zenye namba ndogo, kwa mafungu ya 1,000 usiku ili kaunta isikwame mchana. Mpaka kazi hiyo iishe, tafuta kwa funguo za matoleo yote mawili.

Na jina lenyewe lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika, kwa herufi zake mbili na ritifaa yake. Ufunguo hauonyeshwi kwenye skrini wala kuchapwa kwenye kadi.